Jakuzi ya chumvi nyumbani: dalili, sababu, na pa kusimama umuite fundi

Malalamiko ya jakuzi za chumvi hufanana, uwe Diani, Watamu, Paje au Masaki. Taa ya chumvi inawaka wakati chumvi imetiwa juzi. Klorini inasoma sifuri. Maji yana ukungu. Hita imegoma. Mwenye nyumba hulaumu mashine, na muuzaji humtajia bei ya seli mpya, yaani kile kipande cha mashine kinachotengeneza klorini. Mara nyingi seli haina kosa lolote. Kosa lipo kwenye maji yaliyojazwa siku ya kwanza, hasa kwetu pwani ambako visima vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji hayo huja na chokaa nyingi, na visima vingine vina chumvi yake vyenyewe kabla hujamwaga hata kijiko. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini tunaanza na maji. Mashine tunaifikia baadaye.

Jambo la kueleweka mapema: jakuzi ya chumvi ni jakuzi ya klorini. Chumvi iliyoyeyuka ikipita kati ya sahani za seli zenye umeme, hutengenezwa klorini papo hapo, nayo baada ya kazi yake hurudi kuwa chumvi. Chumvi yenyewe haiui vijidudu kwa kiwango hiki. Anayekuambia "hii haina kemikali" anakuweka kwenye hatari, kwa sababu utaacha kupima.

Namba za kushika

Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, isipungue 3 kwa kipimo cha ppm (sehemu kwa milioni). Hicho ndicho kiwango ambacho CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, inakitaja kwa jakuzi, na ni kikubwa kuliko cha bwawa la kuogelea kwa sababu maji ya moto huila klorini haraka. pH, kipimo cha ukali wa asidi majini, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Joto lisivuke nyuzi 40 za Selsiasi. Watoto walio chini ya miaka 5 wasiingie kabisa, na mjamzito aongee na daktari wake kwanza.

Chumvi na ugumu wa maji hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Jakuzi nyingi za nyumbani zinataka chumvi kati ya 1,500 na 3,000 ppm. Bahari ina karibu 35,000, ndiyo maana mdomoni huonji kitu. Kwenye ugumu, yaani wingi wa chokaa majini, mashine nyingine zinataka maji laini sana, chini ya ppm 75, na nyingine zinakubali 150 au zaidi. Fuata kitabu cha mashine yako hata kama fundi wa mabwawa amezoea namba nyingine.

Vijiti vya kupimia huharibika kwa unyevu, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Funga kopo mara tu unapotoa kijiti kimoja, kwa mkono mkavu. Kopo lililokaa wazi kando ya jakuzi mwezi mzima litakupa majibu ya uongo, na uongo huo utakutia gharama.

"Taa ya chumvi kidogo inawaka, na chumvi nimeshatia"

Usiongeze chumvi. Kuongeza ni rahisi, lakini kupunguza hakuna njia ila kumwaga maji. Kwanza pima kwa kipimo kisichotegemea mashine, yaani kijiti cha chumvi au mita ya mkononi. Mashine haionji chumvi. Inapima jinsi umeme unavyopita majini na kukisia kutokana na hapo. Chochote kinachozuia umeme usipite kitasomeka kama upungufu wa chumvi.

Kizuizi cha kawaida zaidi ni chokaa kwenye seli. Zima umeme kwenye swichi kuu, toa seli, uielekeze kwenye mwanga. Sahani safi zina rangi ya kijivu iliyokolea na unaona mwanga ukipenya katikati yake. Zikiwa na maganda meupe, magumu ukiyagusa kwa ukucha, ni ukoga uleule unaouona ndani ya birika la chai.

Ilaze seli kwenye siki nyeupe, sahani zizame na nyaya zibaki nje, muda wa saa kadhaa au usiku kucha. Utaona mapovu madogo yakipanda. Yakikoma, chokaa imekwisha au siki imechoka. Ukoga ukiwa mzito, mafundi hutumia asidi ya haidrokloriki, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, isizidi dakika 15. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani, kaa mahali pa wazi, upepo ukiwa mgongoni. Usikwangue kwa kisu wala waya wa chuma: sahani ni titani iliyopakwa utando mwembamba wa madini adimu, na utando ukishatoka haurudi. Kwa sababu hiyohiyo usioshe seli kwa asidi kila wiki "kwa usalama". Kila kuosha kunakula maisha yake.

Kama seli ni safi na kipimo cha pembeni kinakubali kwamba chumvi ni kidogo, huenda mvua imeingia au umekuwa ukijazia maji. Hesabu ni nyepesi: kilo 1 ya chumvi kwenye lita 1,000 hupandisha ppm 1,000. Jakuzi ya lita 1,500 iliyo kwenye 1,400 na inayotakiwa kufika 2,000 inahitaji gramu 900, si mfuko mzima. Weka nusu yake, washa jeti, subiri hadi kesho yake, pima tena.

Chumvi gani? Ile safi isiyo na nyongeza yoyote. Chumvi ya mezani huongezwa madini joto, na mara nyingi dawa ya kuzuia isigande. Hivyo vyote havitakiwi hapa. Chumvi ghafi ya mashamba ya bahari, kama ile ya Gongoni na Marereni kaskazini ya Malindi, ni nzuri kwa kazi nyingine, lakini ikiwa haijasafishwa hubeba kalsiamu na magnesi. Utakuwa umetia chokaa kwa mkono wako.

Seli safi, chumvi sahihi, maji si baridi (baridi nayo hupunguza umeme unaopita), na taa bado inawaka? Hapo ndipo seli iliyochoka au sensa mbovu inapoingia kwenye orodha. Muite fundi aipime kabla hujanunua mpya.

"Klorini inasoma sifuri"

Kabla ya kuamini sifuri hiyo, angalia namna ilivyokuja. Kwa kipimo cha matone kinachogeuza maji kuwa pinki, klorini ikiwa nyingi mno hula ile rangi yenyewe. Tazama chupa wakati tone linadondoka: ukiona pinki ikimulika kisha kupotea, huna sifuri, una klorini ya kupita kiasi. Changanya sampuli nusu kwa nusu na maji ya chupa ya kunywa, pima tena, kisha zidisha majibu kwa mbili. Watu wametia klorini juu ya klorini kwa kutojua hili, na wageni wakatoka na macho mekundu.

Ikiwa ni sifuri ya kweli, sababu ya kwanza ni matumizi. Seli ya jakuzi ni ndogo, hutengeneza klorini polepole saa ishirini na nne. Watu wanne wakikaa ndani jioni nzima wanamaliza akiba yote, na seli peke yake haitaifidia usiku ule. Baada ya sherehe ongeza klorini kwa mkono, kisha iachie seli iendelee. Hii ni kazi ya kawaida ya mwenye jakuzi ya chumvi, na wauzaji wengi hawaisemi.

Sababu ya pili ni pampu kufanya kazi saa chache mno. Seli haifanyi kitu maji yasipopita. Nyumba zinazokatiwa umeme mara kwa mara zina shida ya ziada: baadhi ya mashine zikirudi hewani husahau ratiba na kiwango ulichoweka. Baada ya kila kukatika, nenda kaangalie kioo cha mashine.

Tatu ni chokaa kwenye seli, tumeshaiona. Nne ni uchafu uliojificha kwenye mabomba, ule utando wa utelezi unaokula klorini kila inapotengenezwa. Dalili yake ni kwamba unatia klorini usiku na asubuhi haipo, ingawa hakuna aliyeingia. Dawa yake ni kisafisha mabomba kabla ya kumwaga, kumwaga yote, kusuuza, kujaza upya. Hakuna njia ya mkato.

Sasa klorini ya kuongeza kwa mkono. Ile ya unga au chembechembe inayouzwa kwa mabwawa, haipokloraiti ya kalsiamu, huongeza kalsiamu, nayo ndiyo adui wa seli yako. Ile iliyochanganywa na asidi ya sayanuriki, kinga ya klorini dhidi ya jua, huacha asidi hiyo majini, ikajazana, na klorini ikawa mvivu hata kama kipimo kinaonyesha namba nzuri. CDC inashauri isitumike kwenye jakuzi. Klorini ya maji isiyo na harufu za kunukia wala sabuni ndiyo salama zaidi kwa kazi hii.

Usichanganye kamwe aina mbili za klorini, hata kwenye kikombe kimoja cha kuchotea. Zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Na klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Makopo yakae mbali mbali, juu, penye hewa, si kwenye stoo moja na jiko la gesi.

"pH inapanda kila siku"

Hii si hitilafu, ni tabia. Seli inapofanya kazi hutoa viputo, jeti nazo huchanganya hewa, na vyote viwili hufukuza kaboni dayoksaidi majini. Ikiondoka, pH inapanda. Kinachoamua kasi ni alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi: ikiwa juu, pH itapanda haraka. Visima vya matumbawe huwa na alkalini ya juu, kwa hiyo kazi ni kuishusha taratibu kwa asidi kidogo kidogo mpaka ifike ppm 50 hadi 80. Hapo pH hutulia. Zima pia vali ya hewa ya jeti wakati hakuna mtu ndani.

Tahadhari kwa wanaotaka kupandisha alkalini, kama wakazi wa Nairobi wanaojaza maji ya mfereji kutoka bwawa la Ndakaini, ambayo ni laini: tumia soda ya kuokea, ile baikaboneti. Magadi ni kitu kingine. Magadi ni kaboneti ya sodiamu na yatairusha pH juu kwa mkupuo.

Ukungu, rangi na povu

Maji meupe yasiyoonyesha sakafu vizuri: toa filta. Ni sababu ya kwanza na ni ya bure. Isuuze kwa mpira wa maji, mkunjo kwa mkunjo, kila wiki au mbili. Mara moja kwa mwezi iloweke kwenye dawa ya kuondoa mafuta. Paa la makuti juu ya jakuzi linapendeza, lakini huangusha vumbi na vipande siku nzima, na filta chini yake huziba mapema. Kama filta ni safi, pima klorini na pH. Klorini chini ya 3 na ukungu kwa pamoja maana yake asiingie mtu. Kama pH ipo juu ya 7.8 na maji ni ya kisima, ukungu huo ni chokaa inayojitenga. Shusha pH na maji yatarudi.

Maji ya kijani lakini maangavu siyo mwani, ni madini. Kahawia ni chuma. Hutokea mara baada ya kujaza na kutia klorini ya kwanza. Unaweza kujua kabla: chota ndoo nyeupe ya maji utakayojazia, tia klorini kidogo, subiri saa moja. Yakigeuka kahawia, usijaze. Agiza boza la maji mazuri au tumia filta ya kuchuja kwenye mpira. Ukishajaza, ipo dawa ya kufunga madini, lakini inachelewesha shida tu.

Wenye matangi ya mvua wana bahati. Maji ya mvua hayana chokaa, na kuyachanganya na ya kisima ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kushusha ugumu. Yawe ya paa la bati au vigae. Yanayotiririka kwenye makuti huja na rangi ya kahawia.

Povu hutoka miilini: mafuta ya nazi, ya masaji, ya kujikinga na jua, sabuni iliyobaki kwenye nguo za kuogelea. Watu waoge kabla, nguo zisuuzwe kwa maji matupu. Dawa ya kuua povu huficha jambo. Povu likirudi siku ya pili, mwaga maji.

Harufu, macho kuwasha, vipele

Harufu kali ya "klorini" kwa kawaida ni ya klorini iliyochoka, iliyoshikana na jasho na mkojo. Pima klorini jumla, toa klorini huru. Tofauti ikizidi 0.5, fungua kifuniko, washa jeti, tia dozi kubwa ya klorini au ya kioksidishaji (dawa ya kuunguza uchafu) kisicho na klorini. Nusa pia upande wa chini wa kifuniko. Ukungu wa kuoza hukaa hapo bila mtu kuufikiria.

Vipele vyekundu vinavyojitokeza saa chache hadi siku chache baada ya kuoga, vikikolea pale nguo ya kuogelea ilipobana, kwa kawaida ni bakteria aitwaye Pseudomonas. Mara nyingi huisha vyenyewe. Jakuzi ifungwe, isafishwe mabomba, ijazwe upya.

Homa na kikohozi ndani ya siku 2 hadi 14 baada ya kutumia jakuzi ni jambo zito zaidi. Bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu yasiyo na klorini ya kutosha, na huingia mapafuni kwa mvuke wa jeti. Kwetu homa hupimwa malaria kwanza, na ni sawa, lakini mwambie daktari kwamba ulikuwa kwenye jakuzi. Asipoambiwa hatakuwa na sababu ya kulifikiria.

Hita haipashi, kioo kinaandika FL au FLO

Maana yake maji hayapiti ya kutosha. Toa filta, washa bila filta kwa dakika moja. Tatizo likiondoka, filta imeziba. Angalia kina cha maji kimefunika mdomo unaovuta maji kwenda kwenye filta. Kama umetoka kujaza, huenda hewa imenasa kwenye pampu: zima umeme, legeza kidogo kiungo cha bomba kwenye pampu mpaka maji yaanze kuchuruzika, kaza. Baada ya hapo zimebaki pampu na swichi ya mtiririko (inayozima hita na seli maji yasipopita), na hizo ni za fundi.

Fundi asikubali, wala wewe usiruhusu, swichi ya mtiririko iunganishwe moja kwa moja "ili ifanye kazi". Seli hutoa gesi ya haidrojeni pamoja na klorini. Maji yakipita, gesi huondoka. Maji yakisimama na seli ikaendelea, gesi hukusanyika kwenye bomba lililofungwa, na huweza kulipuka.

Maji yanazidi joto uliloweka

Januari na Februari pwani, hili ni la kawaida. Pampu hutoa joto, kifuniko hulizuia, hewa ya nje ni nyuzi 32. Maji hufika 40 bila hita kuwaka. Hamishia saa za pampu usiku, weka kivuli, fungua matundu ya hewa kwenye kabati, na jioni fungua kifuniko mtu mzima akiwepo. Usikimbilie kupunguza saa za pampu sana, maana klorini nayo itapungua. Maji yakipita 40 licha ya hayo, na hita inaonekana inawaka, zima kwenye swichi kuu.

Hapa unasimama

Umeme ukikatwa na kifaa cha kinga ya uvujaji (kile cha miliampia 30), kirudishe mara moja tu, baada ya kuhakikisha pamekauka. Kikikata tena, acha. Mara nyingi ni hita iliyopasuka ndani, na umeme unaotafuta njia kwenye maji ndio uliozuiwa. Anayeshauri kiondolewe anahatarisha watu wako. Muite fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA kwa Kenya au EWURA kwa Tanzania Bara. Ukihisi mchonyoto wowote mkononi unapogusa maji, kila mtu atoke na umeme uzimwe hukohuko kwenye bodi, si kwenye kitufe cha jakuzi. Jakuzi iliyoletwa kutoka Marekani ikaguliwe kibao chake: ikiandikwa 60 Hz, pampu zake hazikutengenezwa kwa umeme wetu wa 50 Hz, zitazunguka polepole na kupata joto.

Kifuniko cha tundu la kufyonzea kikivunjika, kikilegea au kikikosekana, jakuzi imefungwa kuanzia dakika hiyo. Mwaka 2002 huko Virginia, Marekani, mtoto wa miaka 7, Graeme Baker, alizama baada ya kunaswa na nguvu ya tundu la chini la jakuzi. Sheria ya Marekani ya 2007 kuhusu vifuniko hivyo ina jina lake. Usikifunge kwa waya wala gundi. Nunua kinacholingana na pampu yako.

Kumwaga

Maji ya chumvi yakitunzwa vizuri hukaa muda mrefu kuliko ya klorini ya kawaida, watengenezaji wengine wanataja hadi mwaka. Kwa maji ya kisima ya pwani panga mapema zaidi, na uamue kwa kipimo. Zima seli siku moja au mbili kabla, acha kifuniko wazi mchana mpaka klorini isome sifuri. Usiyaelekeze kwenye migomba, mipapai wala bustani ya mboga, na usiyaachie karibu na kisima unachochotea. Peleka kwenye mfumo wa majitaka kama upo. Mawe ya chokaa na vyuma vinavyozunguka jakuzi visuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa chini ya ngazi na kwenye bawaba za kifuniko, kwa sababu hapo ndipo kutu huanzia.